Neno Lililoandikwa Mara Tatu

Tangi la maji la karakana ya Njombe lilianza kuvuja wiki ya pili baada ya kujazwa. Lilikuwa limejengwa na mafundi waashi wawili kutoka Makete, Nahumu Sanga na Sila Mahenge, ambao kwa miaka saba walikuwa wakifanya kazi pamoja, wakila chungu kimoja.

Mzungu aliyesimamia ujenzi alilizunguka tangi akiligonga kwa mpini wa nyundo. Alipofika upande wa mashariki akaingiza ukucha kwenye ufa, akasema, “Crack.” Akalirudia neno hilo, kisha akamtazama Nahumu. Nahumu hakujua Kiingereza, lakini neno lilimkaa masikioni, kwa sababu lilisikika kama ukuta wenyewe unapopasuka.

Sila aliwahi kufanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya na Kiingereza kidogo alikijua. Akazungumza na yule Mzungu kwa muda, akionyesha lundo la mchanga, kisha akamnyooshea Nahumu mkono. Baadaye Nahumu alipomuuliza walizungumza nini, Sila alijibu kwamba ni mambo ya mchanga tu, akaenda kunawa.

Jibu hilo halikumtosha Nahumu. Lundo la mchanga lilikuwa moja. Mkono ule ulimwonyesha yeye kwa nini?

Ijumaa Mzungu akampa bahasha iliyofungwa, akamwagiza kwa Kiswahili chake cha kukatakata aipeleke Makambako kwa msimamizi wa huko, na Jumatatu awe amefika. Hakusema sababu. Sila hakupewa kitu.

Nyumbani Nahumu aliiweka bahasha mezani akaikodolea macho. Mkewe, Idda, alimwambia barua ya mtu haifunguliwi. Yeye akasema kwamba mtu anaweza kubebeshwa barua ya kumfunga mwenyewe, naye akaipeleka kwa miguu yake kama mpumbavu. Chungu cha viazi kilikuwa kinachemka. Akaishika bahasha juu ya mvuke mpaka gundi ikalegea, akamwita shemeji yake.

Yoeli, mdogo wake Idda, alikuwa amefika darasa la sita. Alikuja na daftari lake la maneno ya Kiingereza, akaisoma barua polepole huku kidole kikitembea juu ya mistari. Mwandiko ulikuwa wa haraka na maneno mengi yalimshinda. Lakini moja alilifahamu, tena liliandikwa mara tatu.

“Crack,” alisema. “Hapa limekaa karibu na jina lako, shemeji. Crack ni ufa. Nadhani anasema wewe ni fundi wa nyufa.”

“Na huku?”

“Huku ni tangi lenye ufa. Na hapa chini ni ufa tena, wa kitu fulani, halafu Jumatatu. Kama ni *down*, basi ni ufa wa chini. Wa msingi.”

Akapekua daftari. Mwalimu wao alikuwa amewaandikisha maana nyingine: crack ni mlio wa mjeledi pia. Hilo alilisema kwa sauti ndogo, nalo ndilo lililomkosesha Nahumu usingizi. Alijua watu waliochapwa kwa makosa madogo kuliko tangi la maji.

Asubuhi alimfuata Sila kwake. Alimkuta akinoa patasi, akaanza bila salamu.

“Msingi niliuchimba mimi,” Nahumu akasema. “Hilo ndilo ulilomwambia.”

Sila akauliza ni nani aliyemweleza hayo. Nahumu akajibu kwamba karatasi imesema. Akaongeza kwamba sasa anaelewa jinsi mtu anavyotoka Chunya na pesa zake wakati wenzake wanarudi mikono mitupu: ni kwa kuwauza wenzake. Maneno hayo yalimtoka, na alipoyasikia mwenyewe alijua yamevuka mpaka, lakini hakuyarudisha.

Sila aliiweka patasi chini. “Nenda na karatasi yako,” akasema, akaingia ndani.

Nahumu alifikiria kukimbilia Makete. Idda ndiye aliyemzuia, akimwambia kwamba mtu anayekimbia hukiri hata asilolitenda. Basi Jumapili akaigandisha bahasha kwa uji, akapanda lori lililobeba magome ya miti ya miwati, akashuka Makambako jioni akiwa na baridi mwili mzima. Alilala kwa jamaa yake mmoja, mtu wa kijiji cha Kitandililo, na Jumatatu jua lilikuwa limeshapanda alipofika ofisini.

Karani aliitwa Kefa, Mbena mwenye miwani. Aliigeuza bahasha, akaona karatasi iliyojikunja na alama za uji. Akaisoma barua, akamtazama Nahumu, akaisoma tena.

“Hii barua imekusifu mno,” akasema. “Nayo imefunguliwa. Aliyeiandika ni nani hasa?”

Nahumu akadhani anategwa. Akamwambia asimzungushe, asome tu hukumu. Kefa alishangaa, akauliza hukumu gani, na Nahumu akaeleza yote: mvuke, shemeji, daftari, lile neno mara tatu. Karani alivua miwani akaifuta taratibu. Alisema kwamba uongo hauji na habari za mvuke na viazi, kisha akamfafanulia.

Hapo juu crack ni hodari, fundi asiye na mfano wake. Pale kati ni ufa kweli, wa tangi la Makambako, ambalo nalo lilikuwa linavuja. Na pale chini si *down*, ni *dawn*: pambazuko, na ufa wa pambazuko kwa Kiingereza ni alfajiri yenyewe. Alitakiwa aanze kazi alfajiri, nayo ilikuwa imeshapita.

“Kuna zaidi,” Kefa akasema. “Anasema fundi Sila amemweleza kwamba wewe uliukataa mchanga ule kwa sababu una udongo, na kwamba mnyapara aliwalazimisha. Anasema uchague msaidizi umtakaye.”

Nahumu aliomba asomewe tena pale penye jina la Sila.

Msimamizi alimkaripia kwa kuchelewa, akamwanzisha kazi siku hiyo hiyo. Jumamosi aliomba ruhusa, akarudi Njombe, akamkuta Sila akifunga mizigo ya kurudi Makete. Akamweleza barua ilivyosema na jinsi Yoeli alivyoisoma, akamwomba msamaha bila kujitetea.

Sila aliendelea kukaza kamba. “Ulimwamini mtoto wa darasa la sita,” akasema, “mimi miaka saba hukuniamini.”

“Nilikuwa naogopa.”

“Mimi pia nilikuwa naogopa, mbele ya yule Mzungu. Lakini jina lako nililitaja kwa wema.”

Sila akamwambia atakwenda Makambako kwa sababu kazi ni kazi, lakini atapanga chumba chake na atapika chakula chake mwenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa. Mchanga waliuchekecha pamoja, saruji wakaichanganya pamoja, na tangi halikuvuja tone. Mchana kila mmoja alikula upande wake wa ukuta. Idda alipokuja Makambako mwezi wa nane alimpelekea Sila viazi kwenye sahani iliyofunikwa. Akavipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akamuuliza habari za nyumbani. Habari za Nahumu hakuuliza.