Ng'ombe wa Brightness

Safina Mudathir alikuwa hajawahi kurudishiwa kadi. Kwa miaka minne alizitengeneza kwa mkono katika duka la vifaa vya shule la mama yake, karibu na stendi ya Katesh, na watu walizifuata kutoka Endasak mpaka Dongobesh: kadi za harusi, za kipaimara, za Idi, za watoto waliozaliwa. Alikata manila mwenyewe, akachora kwa wino wa rangi, akapaka gundi kwa ncha ya njiti na kunyunyizia glita, ule unga wa kumetameta, pale tu palipohitaji. Wenye haraka aliwaonyesha kadi za kiwandani zilizoning'inia ukutani. Hakuwa na maringo, ila aliujua mkono wake.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita, baridi ikiwa kali, mzee mrefu mwenye shuka aliegemeza fimbo yake mlangoni na kuingia.

"Shikamoo mzee," Safina alimsalimia.

"Marahaba. Hapa ndiyo wanachora?"

"Ndiyo mzee, ni mimi. Karibu ukae."

Mzee alikaa kwenye benchi. Aliitwa Margwe, mfugaji wa Gendabi. Binti yake, Brightness, alikuwa anamaliza chuo cha uuguzi na ukunga upande wa Mbulu, na mahafali yalikuwa Jumamosi. Aliambiwa kwamba siku hiyo mzazi humpa mtoto kadi.

Mama Salma, mama yake Safina, alishusha haraka kadi ya ukutani yenye mawaridi na neno kubwa la HONGERA. Mzee Margwe aliishika kwa mikono miwili, akaiangalia mbele na nyuma, akairudisha.

"Hili ua silijui," alisema. "Na haya maandishi siwezi kusoma. Nitampaje mtoto kitu ambacho mimi mwenyewe sikijui?"

Safina alisogeza kiti. "Wewe ungependa kadi iwe na nini, mzee?"

"Ng'ombe wake."

Akaeleza. Brightness alipomaliza darasa la saba, watu walikuja nyumbani kumposa. Ndugu zake Margwe walikubali kabla hata yeye hajajibu. Ndipo alipowaita wote zizini, akamshika mtamba mmoja pembe, akasema: huyu kuanzia leo ni wa Brightness, na Brightness anaenda sekondari. Kaka mkubwa wa Margwe alicheka mpaka akakaa chini. Hawakusemezana mwaka mzima.

"Huyo ng'ombe bado yupo," mzee alisema. "Amezaa mara tano."

Safina alichukua manila na kuanza hapo hapo. Alichora ng'ombe wa kahawia aliyenyoosha shingo, akampa kivuli kizuri tumboni na glita ya dhahabu kwenye pembe. Mteja aliyekuwa dukani kununua daftari alisema jamani, anataka kutembea. Safina aliigeuza kadi kumwelekea mzee.

Mzee Margwe aliitazama kwa adabu. "Ng'ombe mzuri sana. Wa nani?"

"Mzee," Mama Salma aliingilia, "ng'ombe si ng'ombe?"

"Mama, watoto wako ukikutana nao sokoni, unawachanganya na wa jirani?"

Mama Salma aliirudisha ukutani ile kadi ya mawaridi. Safina alihisi uso unamchoma. Kwa mara ya kwanza kadi yake ilikuwa imekataliwa, na aliyeikataa alikuwa na haki. Alikuwa amechora ng'ombe yeyote tu, kwa sababu mkono wake ulikuwa umezoea.

"Kesho asubuhi nitakuja Gendabi kumwona," alisema. "Msitoe mifugo kabla sijafika."

Mzee alipoondoka, mama yake alimgeukia. "Safari yote hiyo kwa kadi moja? Si ungemwongezea madoa tu, akaridhika?"

"Yeye labda, mama. Brightness angejua si ng'ombe wake kwa kuitazama mara moja."

Asubuhi alipanda bodaboda, begi la vifaa mgongoni, akafika jua ndiyo kwanza linachomoza. Mzee Margwe alimpeleka moja kwa moja zizini na kumwonyesha ng'ombe. Safina alielewa mara moja kwa nini mzee alikataa. Rangi ile hakuwa nayo kwenye chupa yoyote. Haikuwa nyeusi wala nyeupe. Ilikuwa kama majivu yaliyolala usiku kucha jikoni, na shingoni iliingia ubluu kidogo. Tumbo lilikuwa jeupe. Pembe ya kushoto ilikuwa imeinama kuelekea jicho.

Akaketi juu ya ndoo na kufungua wino. Alizimua mweusi kwa maji, akatia tone la bluu, akajaribu mgongoni mwa mkono wake.

"Bado," alisema mzee, aliyesimama juu ya bega lake. "Hiyo ni ya wingu la mvua."

Akaongeza maji.

"Sasa ni mgonjwa."

Safina alicheka, akatia bluu tone jingine, akasubiri ikauke. Mzee aliinama, akauweka mkono wa Safina karibu na ubavu wa ng'ombe, akalinganisha.

"Hapo," alisema.

Kuchora kulikwenda haraka, kwa sababu sasa alijua anachokitafuta. Ila alipotoa kichupa cha glita ya fedha, mzee alitikisa kichwa. "Hapana. Ng'ombe hang'ai."

"Mtazame mgongoni, mzee."

Umande wa usiku ulikuwa bado umekalia manyoya, na jua lilikuwa limeupata. Kuanzia nunduni mpaka mkiani ng'ombe alimetameta. Mzee Margwe alitazama kwa muda, akakuna kidevu.

"Miaka yote hii," alisema. "Haya, weka. Lakini mgongoni tu."

Alhamisi alikuja dukani kuichukua. Aliisogeza kadi mpaka kwenye mwanga wa mlango, akaipeleka mbali, akairudisha karibu.

"Ndiye," alisema.

"Ndani niandike nini?"

"Usiandike. Nipe hiyo kalamu."

Safina alimpa kalamu ya wino na kumwonyesha jinsi ya kuilaza. Mzee aliikamata kwa ngumi, akachora taratibu mistari mitatu iliyokutana juu: alama ambayo ukoo wake huwachoma nayo ng'ombe wao. Tone moja la wino lilidondoka pembeni. Safina aliinua kitambaa alifute, kisha akakishusha.

Jumanne iliyofuata msichana mwembamba mwenye gauni la kijani aliingia, akamwamkia Mama Salma, akauliza Safina ni nani. Alikuwa Brightness.

"Wenzangu walikuwa wanasomeana kadi zao kwa sauti," alisimulia. "Nilipofungua yangu, mmoja akauliza mbona haina neno. Mimi nilikuwa nalia tu. Ile alama baba hajawahi kuiweka mahali popote isipokuwa kwenye mifugo yake."

"Na baba mkubwa, yule aliyecheka zizini, alikuwepo?" Safina aliuliza.

"Alikuwepo. Alininyang'anya kadi, akasema, huyu si yule ng'ombe? Hakunirudishia mpaka chakula kilipoisha. Tulipokuwa tunaondoka akanivuta pembeni. Ana binti yuko darasa la saba. Aliniuliza ni sekondari gani nzuri ya wasichana."

Mama Salma aliweka chini boksi la kalamu alilokuwa amelishika. "Alhamdulillah," alisema.

Brightness alitoa leso akapangusa pua. "Nimekuja kwa sababu nataka na mimi nimpe baba kadi. Kitu ambacho atakisoma mwenyewe."

"Nikuchoree nini?"

Alifikiri kidogo. "Mikono yangu. Mwezi uliopita tukiwa mazoezini nilimzalisha mama mmoja wa Tumati, peke yangu, mwalimu akiwa amesimama tu nyuma. Mtoto alipolia nilitamani sana baba angekuwa mlangoni aone. Chora mikono yangu imempokea huyo mtoto."

Safina alisukuma kando mikasi na manila zilizotapakaa mezani, akafungua wino wa kahawia.

"Iweke mikono hapa," alisema, "niitazame vizuri."