Mtaro wa Msaragambo

Maziwa yalikatika tena. Mkamburi aliinama juu ya sufuria, akayatazama yakigawanyika mabonge mabonge, akafyonya kwa hasira hadi wateja wakageuka. Maji ya kisima cha Voi ndivyo yalivyo, chumvi tupu. Ukiyapikia chai ya maziwa, unabahatisha. Maji matamu ni ya kununua kwa wenye mikokoteni, na asubuhi hiyo hakuna aliyepita.

"Leta ya rangi, Mama Rita," mteja mmoja akasema. "Tushazoea."

"Hiyo ndiyo shida yenu. Mnazoea!"

Hoteli yake hiyo ya chai ilianzishwa na mama yake alipoteremka kutoka Chawia milimani, kwa meza moja na kimanga cha moto, mihogo iliyopondwa na maharagwe. Mkamburi alipoirithi akaongeza meza, akaongeza chapati, na majirani walisema akaongeza mdomo. Maji taka yakifurika, ni yeye wa kwanza ofisini. Taa ya barabarani ikizimika, ni yeye. Kwenye baraza la chifu, watu walitazama kwanza kama Mama Rita amefika ndipo wakakaa.

Hata msaragambo wa bomba, kazi ya pamoja isiyo na malipo, aliuitisha yeye. Ofisi ya maji ilisema mabomba inayo ila haina pesa za kuchimbia. "Kama ni kuchimba tu, ebo!" akasema barazani. "Huko kwetu milimani watu wamechimba mitaro ya maji kabla ofisi haijazaliwa." Mtaa mzima ukatoka na majembe. Wanaume walivunja mwamba, akina mama wakazoa udongo mwekundu, naye akawapikia kimanga bila kumdai mtu. Mtaro ulipofika kwenye ukuta wa mawe wa jirani, ikabidi upinde, uzunguke mbali. Mkamburi akasema haupindi. Aking'oa ua wake kwa mikono yake, akawaambia, "Pitisheni uani kwangu. Nani ataninyang'anya?"

Hakuandikiana na mtu. Kwa Wadawida, watu wa milima ya Taita, kudai karatasi kwenye msaragambo ni kuwaita wenzako wezi.

Mabomba yakafukiwa. Mfereji wa mtaa ukasimamishwa kando ya barabara, mheshimiwa mbunge akaja akakata utepe, akapigwa picha akiufungua. Maji hayakutoka. Ofisini Mkamburi aliambiwa pampu bado. Akarudi, akaambiwa pampu iko njiani. Akarudi tena, akaambiwa subira huvuta heri. Alichoka na heri yao. Na huko juu, nyuma ya hoteli yake, gesti mpya ya mheshimiwa ikaota nyasi za kijani. Nyasi, Voi hii, kiangazi hiki! Mkamburi akajiambia mwenye pesa ananunua maji kwa lori.

Halafu wiki iliyopita akakuta alama nyekundu ya X, ya kubomolewa, ukutani mwa hoteli.

Sasa aliyeipiga, Bwana Kituku wa ofisi ya ardhi, alikuwa amesimama mlangoni, na nje tingatinga lilikuwa likinguruma. Wateja waliacha vikombe, wakatoka.

"Mama Rita, nilikuambia utoe vitu."

"Na mimi nilikuambia kiwanja ni cha mama yangu."

"Kilikuwa. Bomba la umma likishapita mahali, hapo ni njia ya umma."

"Bomba nimelipitisha mimi!"

"Sasa si ndiyo hiyo, mama." Kituku alisema kwa upole, kama anayemfariji mfiwa. "Ulikubali mwenyewe mbele ya watu. Hata mimi nilikuwapo, nikala na kimanga."

"Mkishavunja mnajenga nini?"

"Barabara."

"Ya kwenda wapi?"

Kituku akatazama simu yake. Upande huo wa nyuma ya hoteli barabara ilikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda.

Wakati huo Lois, fundi cherehani wa jirani, alikuwa ameshapiga kelele, na akina mama wakaja mbio, wale wale wa msaragambo. Wakashikana mikono mbele ya mlango. "Asante ya punda ni mateke," Lois akamwambia Kituku usoni, "lakini sisi si punda. Pitia juu yetu!" Mkamburi akaingia katikati yao. Alijua watu wake hawatamwacha.

Kituku akamwonyesha dereva kwa kidole azunguke nyuma.

Tingatinga likaingia uani, likauma ukuta wa jiko na ardhi iliyoushikilia. Kukasikika mlio mzito chini, kisha maji yakaruka juu kuliko paa.

Maji yalishuka kama mvua juu ya mabati, juu ya vichwa vyao. Mkamburi akalamba mdomo. Hayakuwa na chumvi.

"Kumbe yapo," Lois akanong'ona. "Kumbe siku zote yapo!"

Kituku alikuwa kwenye simu. "Mheshimiwa, samahani sana, maji yatakatika hapo gesti kidogo. Kidogo tu, tunarekebisha."

Mama mmoja akaachia mkono, akakimbilia kwake kuchukua mtungi. Kisha mwingine. Mwingine akavua kanga, akaitandaza iloe. "Yanamwagika bure, jamani!" wakapigiana kelele, na mstari ukakatika. Lois alibaki wa mwisho. Akamtazama Mkamburi, akafungua mdomo.

"Watoto hawajaoga tangu Jumapili, Mama Rita," akasema, huku ameanza kukimbia.

Uani sasa palikuwa na ndoo, madumu, vicheko. Kituku akatazama mlango usio na watu, akampungia dereva arudi mbele.

"Mama Rita!" Lois akaita kutoka kwenye matope, kwa upendo kabisa. "Leta chombo, yataisha!"

Vyombo vyake vyote vilikuwa ndani, na tingatinga lilikuwa limeshafika mlangoni.