Kidole cha Chini

...na kidole cha chini ndicho kinachosukumwa zaidi, anajua, hata kama hakisikii, maana ndilo somo la leo, maji ya chini hubeba yote yaliyo juu yake, na Juwairiya amesimama mbele ya darasa kakumbatia kopo la rangi lililojaa maji, vidole vitatu vimeziba matundu matatu, na simu iliyo mezani inasema, kwa sauti ya baba mdogo Lukman kutoka Mbale, Juwairiya, mwanangu, unanisikia... anasikia, darasa zima linasikia, kwa sababu Mastula wa dawati la mbele ana adabu kupita kiasi, ameona mwalimu hana mkono mtupu akaipokea simu na kuiweka spika, hivyo watoto wa watu wamejua pamoja naye kwamba mzee Marjan, baba yake, amefariki alfajiri, ameshaoshwa, kaburi linachimbwa, na sasa baba mdogo anauliza jambo moja tu, wazike Adhuhuri au wamngoje hadi Alasiri, anauliza kama mtu anayeuliza chai iwe na sukari... jibu liko tayari mdomoni, zikeni, ndilo jibu la heshima, maiti hacheleweshwi, na kutoka hapa Jinja Adhuhuri ya Mbale haifikiki hata kwa kuruka, na hata akifika wanawake hawaendi makaburini, atakaa mkekani na mashangazi wanaolia huku wakitazamana nani kalia zaidi, zikeni tu, lakini Gidudu kanyosha mkono, huyu hata siku ya kiama atanyosha mkono, anauliza kwa sauti ya chini, Madam, kopo likiwa pana, si maji yatakuwa mengi, si yatasukuma zaidi... na mdomo ulioshindwa kumjibu baba mdogo unamjibu Gidudu.

"Upana hausaidii kitu. Angalia kina."

Kila mwaka lazima mmoja adanganywe na upana, pipa na mrija vikijaa kimo kimoja, chini kanieneo, ule msukumo wa maji, ni ileile, amelisema sawasawa, hata hakutetemeka, na mbona hatetemeki, shangazi Kulusumu kwa msiba wa mumewe alishikwa na watu asianguke, yeye anawaza kama chaki imebaki... baba mdogo anakohoa, anasema watu wamejaa hadi barabarani, imamu ana safari, usijitese, mwanangu, kuuona uso si lazima... uso, nani kataja uso, hakuwa ameuwaza, uso ule wa baba nje ya geti la shule ya bweni aliyosoma, kando ya mlinzi, siku ya wazazi, kaja na gari la kwanza, kasimama wima kama bado yuko jeshini, wasichana wanacheka, Juwairiya, afande wako yule, kamsalimie kwa Kiswahili chenu cha kambini, na Juwairiya, kwa aibu, hatoki mpaka usafi wa bweni uishe, anamwona dirishani, jua linapanda, mzee hakai, haulizi, hanung'uniki... kidole cha chini kinasukumwa, kweli kinasukumwa, na baba mdogo anasema basi, mwanangu, tunaenda naye, na Juwairiya bado hajafungua mdomo, ila neno lililomo si lile tena, waache waseme msomi kachelewesha maiti, imamu aende safari yake, Mbale haijaishiwa maimamu, mwacheni hapo mpaka Alasiri, mwacheni mpaka nimwone, mzee Marjan anajua kungoja, kamwulizeni mlinzi wa geti.