Spika Badala ya Hedifoni

Mdogo wangu tulimwita Kinanda, na jina hilo alipewa na mama kabla hata hajajua kufunga kamba za viatu. Mimi sikupewa jina. Mimi nilikuwa dada yake Kinanda, mtu wa kushika nyaya. Nyoo! Kama vile mimi sina koo.

Safari hii bendi ya hotelini ilikuwa inatafuta mwimbaji wa kike, ikataka rekodi ya wimbo mmoja kabla ya Ijumaa. Kinanda alishakataliwa mara tatu kwingine, na alimwambia mama kwamba akiikosa na hii anaachana na kuimba moja kwa moja. Mama alikosa usingizi. Basi tukatoa kitanda changu, tukatundika mablanketi ukutani kuzuia mwangwi, chumba changu kikawa studio.

Kinanda ana ubaya mmoja: akiimba peke yake, sauti inateleza. Kwa hiyo kila wimbo niliuimba mimi kwanza, nikamwekea masikioni anifuate, halafu sauti yangu naifuta. Tulifanya hivyo miaka na miaka, na hakuna aliyewahi kuniuliza, "Kumbe na wewe unaimba?"

Siku hiyo alitoka saluni, misuko imekazwa mpaka nyusi zimepanda.

"Hedifoni zinanibana," akasema. "Weka kwenye spika."

"Nikiweka kwenye spika, maiki itanasa na..."

"Dada, wewe bonyeza tu. Kuimba niachie mwenyewe."

Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, akacheka. Kicheko kile kiliniingia mpaka kwenye mifupa. Sikio la kufa halisikii dawa. Haya bwana, nikauchuna.

Hedifoni nikavaa mimi. Maiki haina adabu ya kuchagua. Ikisikia spika, inarekodi spika, na kilichoingia hakitoki tena. Nikaipandisha spika kidogo. Halafu Kinanda alipofumba macho, kama anavyofanya kila wimbo toka mwanzo hadi mwisho, nikaigeuza maiki taratibu, uso kwenye spika, kisogo kwake. Aliimba dakika nne nzima akikiimbia kisogo. Jioni ileile nikatuma rekodi kama ilivyo.

Jumamosi kiongozi wa bendi akapiga simu. Mama akaiweka mezani kwa sauti kubwa ili wote tusikie.

"Humu ndani wamo wawili," yule bwana akasema. "Mmoja yuko mbali, kama anaimbia bafuni. Namtaka huyu wa karibu. Aje Jumatatu."

"Ndiye huyo huyo Kinanda!" mama akadakia. "Yuko hapa hapa."

"Aimbe kidogo nimsikie."

Kinanda akaimba mistari miwili. Sauti ikateleza, akaanza upya, ikateleza tena.

"Hapana, mama. Siye."

Nikainama kwenye simu, nikaimba mistari ile ile miwili. Sikuombwa.

"Huyo!" akasema. "Jumatatu saa nne, usichelewe."

Simu ikakatwa. Mama akanitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi.

"Ulifanya makusudi?"

"Si nilimwambia avae hedifoni? Ulikuwepo, ukacheka."

Akaichukua simu mezani, akatoka. Nilisikia raha, sitaficha. Miaka yote ile nilikuwa naidai raha hiyo.

Jumapili Kinanda akaja kunisaidia kurudisha kitanda. Tulipomaliza akakaa ukingoni, macho mekundu, mikono katikati ya magoti.

"Dada, mwenye hedifoni ulikuwa wewe. Niambie kweli, nilikuwa mbaya kiasi hicho?"

Sasa sikia. Siku ile, katikati ya wimbo, nilisogeza upande mmoja wa hedifoni nimsikie kwa sikio tupu. Hakuteleza hata mara moja. Aliimba mpaka vinyweleo vikanisimama, aliimba vizuri kunishinda mimi, na sauti hiyo haikuingia kwenye rekodi wala haikusikiwa na mtu mwingine, maana mama alishakwenda zake jikoni.

"Ulikuwa mbaya sana, mdogo wangu," nikamwambia. "Bora uache."

Akatikisa kichwa kukubali. Halafu akanishika mkono, akanishukuru kwamba walau mimi sikumdanganya.