Mgeni Asiyenitazama

Mwaka wa arobaini na tisa mume wangu Revelian alihamishiwa Masasi kwa kazi ya ukarani, akapata pa kulala kwa mchonga vinyago mmoja aitwaye Kasimiri. Hakulipa pango. Walipatana tu kwamba siku Kasimiri akija Dar es Salaam kuuza vinyago vyake, atafikia kwetu Temeke, ale na alale bure. Mimi sikuulizwa. Wanaume hupatana, wanawake hupika.

Lakini mwezi ule nilimngoja huyo Kasimiri kuliko nilivyowahi kumngoja ndugu wa damu. Mabaharia waliofika bandarini kutoka Lindi walisema lori lililobeba makarani wa Masasi limepinduka na wengi wamekufa. Majina hawakuyajua. Nikaenda ofisini, Mzungu akaniambia ningoje. Ningoje nini? Nilikuwa na mwanangu Jovina mgongoni, na ndugu zangu wote wako Bukoba.

Alifika asubuhi, mzigo wa vinyago kichwani, akapiga hodi kwa sauti ya mtu mwenye furaha. Moyo ukaanza kunitulia. Kabla hatujamaliza kusalimiana, jirani yangu Tabu akaniita kutoka ng'ambo ya ua: "Yuliana, kinu changu umemaliza nacho?" Kasimiri akanyamaza palepale. Akainamisha kichwa, akarudi nyuma, akaenda kuketi pembeni mwa baraza na kunipa mgongo.

Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Alitaka kwanza kuhakikisha kwamba mke wa Revelian ndiye mimi, na sasa habari ilikuwa imemlemea.

Nikapika ndizi na samaki; sijui mikono ilipata wapi nguvu. Nikamwekea sinia, nikasimama mlangoni. Hakugusa. Kwetu Bukoba nililelewa nikijua kwamba aliyebeba habari ya msiba hali chakula cha mfiwa kabla hajaisema. Ndizi zikapoa, inzi wakaja, na yule mtu anatazama ukuta tu. Nilitamani kumshika mabega nimtikise. Nilitamani pia asifungue kinywa kamwe, maana kabla hajasema nilikuwa bado na mume.

Mwisho nikashindwa. Nikamfuata Tabu, nikamwambia twende, sitaki kulisikia neno hili peke yangu. Tabu ni Mzaramo, na subira hakuzaliwa nayo. Alipanda barazani akamsimamia mgeni, mikono kiunoni.

"We baba, kama kuna msiba useme. Unamtesa mwenzio."

Kasimiri akashusha pumzi ndefu. "Afadhali umekuja, dada, nilikosa mtu wa kumtuma. Mama wa mke wangu naye anaitwa Yuliana. Kwetu sie, mwenye jina lake ni kama yeye mwenyewe. Siwezi kusema naye uso kwa uso, wala kula akinitazama. Revelian humwita Mama Jovina tu. Ningejua, ningekuja na mtu."

"Na Revelian mwenyewe?"

"Mwambie mama, mumewe mzima. Siku ya lori alipitiwa na usingizi, likamwacha."

Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuweza kumgusa. Hata hivyo Tabu alinigeukia akanieleza neno kwa neno, kana kwamba mimi nilikuwa Bagamoyo. Nikaketi chini na mtoto wangu mgongoni. Tangu tuoane nimegombana na Revelian kwa ajili ya usingizi wake. Nimemmwagia maji, nimemwita gogo, nimemshitaki kwa padri. Sasa nililia na kucheka kwa pamoja, nikamshukuru Mungu kwa usingizi uleule.

Tabu akasema tuingie ndani tumwache mgeni ale. Ilikuwa haki yake. Mtu wa watu alikuwa ameshinda na njaa kwa heshima aliyonipa, na mimi nikimwona mchuro, mleta nuksi ya kifo. Lakini sikuweza kuondoka bado. Nikajifunika kanga usoni, nikampa mgongo na mimi, kama inavyompasa mamkwe.

"Tabu," nikasema, "mwambie mkwe wangu arudie tena, polepole."