Kielekezi Kimekataa Kukaa

Daktari Noémie alikibonyeza kielekezi cha plastiki kwenye meno ya chini ya mzee Fernand, kikainuka upande wa kushoto. Akabonyeza kushoto, kikainuka kulia. Kilicheza kama meza yenye mguu mfupi.

"Ghislaine, hujaniletea cha mtu mwingine?"

"Jina lake hilo hapo," msaidizi akajibu. "Kijaribu kwenye sanamu ya meno yake."

Akakiweka kwenye sanamu. Kikakaa tuli! Akakirudisha kinywani, kikacheza. Sasa hiki kinywa ni cha nani?

Plastiki ile, ya kuongoza keekee itakayotoboa taya ili apandikize jino bandia, aliichora mwenyewe kwenye kompyuta, na tundu la kuipitisha akaliweka mbali na mshipa wa fahamu. Keekee ikienda kombo kidogo tu, mdomo wa mzee utakufa ganzi maisha. Na Fernand ni mpiga tarumbeta.

"Toboa tu, binti yangu," mzee akasema, ulimi mzito kwa sindano ya ganzi. "Nimekujua tangu unakwenda shule na makamasi. Nakuamini."

"Makamasi bado anayo, baridi ikizidi," Ghislaine akachomekea.

Noémie hakucheka. Akaishika keekee. Akaiweka. Akaishika tena. Alipima vibaya? Kompyuta imemdanganya? Mbona sanamu inakubali?

Akaiacha, akachukua kioo kidogo, akapita jino kwa jino. Kwenye moja akaona mstari unaong'aa, kama njia ya konokono.

"Mjomba, hili jino umelifanya nini?"

Mzee akatazama dari.

"Mjomba Fernand!"

"Lilivunjika juzi. Niliuma ile peremende ya utomvu wa mti wa mepo tunayogandisha kwenye theluji. Nikalirudishia kwa gundi."

"Gundi gani?"

"Ya mjukuu, ya kuundia ndege za kuchezea. Niliogopa mtanirudisha nyumbani."

Ghislaine akageukia ukutani, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Kumbe sanamu ni ya mzee, ila ya kabla jino halijavunjika; na kinywa ni cha mzee, ila jino limekaa upande! Noémie akaifungia keekee kabatini.

"Leo hatutoboi. Tunalitengeneza hilo kwanza, tunapiga picha upya, nachora kielekezi kingine."

"Si nilisema? Narudi nyumbani."

"Unarudi na mdomo wako, mjomba."

Mzee akajaribu kupiga mluzi, mate yakamchuruzika kidevuni. "Lakini gundi si ilishika, eh?"

Noémie akalitikisa lile jino. Halikutikisika.