Damu ya Likwata Yashika Njia ya Mavuji

Asubuhi ya Jumatatu, Klementi, mganga wa zahanati ya kijiji kipya, alikuwa anachemsha sindano kwenye jiko la mafuta ya taa, ndipo Petro Likwata alipoletwa juu ya kitanda cha kamba. Alikuwa ameanguka akibeba fito za kujengea nyumba ya katibu wa kijiji. Jasho lilimtiririka, mkono wa kushoto umekufa ganzi, na kifuani, alisema, amekaliwa na mtu.

"Shikamoo, mzee," Klementi alimsalimu.

"Marahaba. Niondolee huyu mtu."

Klementi alimpa vidonge vya maumivu, maana kabatini hamkuwa na kingine, kisha akamchoma kidole na kudondosha tone la damu sakafuni. Waliopatwa na ugonjwa wa moyo walipimwa hivyo. Tone likikaa pale pale na kukauka, moyo ndiyo basi, na jamaa huambiwa watafute sanda. Tone likitembea, moyo utapona, mradi mgonjwa apelekwe linakoelekea.

Tone la Likwata lilitulia kidogo, likavuka kizingiti, likashika njia ya Mto Mavuji. Kuku alilidonoa, akalitema, nalo likaendelea na safari.

"Linakwenda nyumbani," alisema mkewe, Veronika.

Nyumbani kulikuwa ng'ambo ya mto, kwenye mikorosho aliyoipanda Likwata kwa mikono yake. Wakati wa Operesheni Vijiji mgambo waliwahamishia watu wote wa huko kwenye kijiji kipya na kuchoma nyumba zao, asije akarudi mtu. Waliahidiwa maji ya bomba. Bomba liliishia kwenye hotuba.

Veronika alimwendea Maftaha, mwenyekiti wa kijiji. "Ndugu Mwenyekiti, mume wangu atapona akilala kwake. Naomba ruhusa, mpaka moyo utengemae."

Maftaha hakuwa mbishi. Alikuja, akalifuata tone mpaka kwenye mihogo, akachuchumaa na kulitazama vizuri. "Damu inasema kweli," alisema. "Lakini ruhusa hiyo haipo. Nikimwachia yeye, wengine nitawaambia nini?"

"Wengine gani? Si uwapime!"

Wakapimwa wote waliokuwa kwenye foleni ya dawa, wazima wa moyo na wagonjwa wa tumbo. Matone yakatoka moja nyuma ya jingine, kila moja likielekea kwao, na njia ya Mavuji ikawa nyekundu. Tone la Mwenyekiti mwenyewe lilielekea Kiswere, alikozaliwa. Alilifukia mchanga kwa kiatu, akatangaza kwamba mkutano umefungwa.

"Mnaona kwa macho yenu, halafu mnakataa!" Veronika alipiga kelele. "Nyie watu wa namna gani nyie?"

"Punguza jazba, mama. Nimekataa nini? Nimekubali kila kitu."

Ni kweli, alikubali. Na hapo ndipo penye uchungu, jamani! Angebisha, angalau mtu angepata la kumjibu. Likwata alipangiwa kazi nyepesi, kupalilia ufuta kwenye shamba la kijiji. Alijaribu kutoroka, akitembea na kupumzika, kutembea na kupumzika. Mgambo walimkuta kwenye kivuko, wakampa maji ya kunywa, wakamrudisha. Akajaribu tena, wakamrudisha tena. Alikufa ameegemea jembe katikati ya ufuta, na moyo wake ulikuwa wa kupona.

Veronika alikwenda kuomba wamzike ng'ambo. Njiani alikuwa amepanga matusi ya kila aina, hata yale ya Kimatumbi ambayo mwanamke hayatamki mbele za watu. Hakupata nafasi ya kuyatumia.

"Apelekwe tu," Maftaha alisema papo hapo. "Maiti si mkazi wa kijiji."

Mgambo walifyeka njia na kusaidia kubeba jeneza. Katekista aliongoza sala, udongo ukarudishwa, na wanawake wakaanza kukusanya vikapu. Veronika alikaa chini kando ya kaburi, akanyoosha miguu.

"Na mimi nimefika," alisema.

Mgambo wawili walimpa pole. Kisha wakamshika makwapani, taratibu, kwa kuwa alikuwa mfiwa, wakamrudisha kijijini.